Kurasa za Vichwa Visivyokuwepo

Injinia Lugusha alifika dirishani saa mbili na robo asubuhi. Akakohoa mara tatu, na mara ya tatu leso yake ikatoka nyeupe.

Nilikuwa juu ya ngazi, napangusa bati la juu ya mlango. Nikaacha kitambaa kining'inie, nikatazama.

"Shikamoo, Injinia," alisema Kabula wa dirishani, akidhani amekuja kukagua kama kawaida yake.

"Marahaba. Andikisha."

"Nimwandikishe nani, Injinia?"

"Mimi, Kabula. Kwani humwoni aliyesimama mbele yako?"

Kabula akainamisha uso kwenye kioo cha mashine yake ya orodha. Maneno yale aliyasema kila siku kwa kila mtu, lakini siku hiyo aliyasema bila kuinua macho. "Nafasi imejaa, Injinia. Foleni ina watu arobaini. Wewe utakuwa wa arobaini na moja."

Nikasema alhamdulillah. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini nilisema, na siwezi kumdanganya Mungu kwamba nilikuwa nashukuru kwa jambo jingine.

Miaka sita niliombea saa ile. Sikumwombea afe, maana kufa tutakufa sote. Niliomba asimame pale, aambiwe maneno yale, na mimi niwepo nimwone uso.

Hapa Itobela, tangu ziwa likauke, chumvi yake inapeperuka na kuingia hata kwenye maziwa ya mtoto. Mtu akianza kukohoa nyeupe ana siku kumi, au kumi na mbili akiwa na kifua kizuri. Baada ya hapo mapafu yanasahau kazi yake. Asipokuwa amefungwa kifuko cha kifuani, kile kinachosukumiwa pumzi na Mtambo, mashine kubwa ya mji, basi tunamwosha na kumsalia. Mume wangu Mrisho alikuwa fundi wa Mtambo huohuo. Alipokohoa, aliambiwa nafasi imejaa, yeye ni wa nne. Akarudi nyumbani, akakaa siku kumi na moja akiuliza kama foleni imesogea. Haikusogea. Eda ilipoisha nikaja kuomba kazi ya kupangusa vumbi kwenye Mtambo, na watu wakasema mjane huyu ana moyo wa ajabu. Mimi nilitaka tu kumwona Lugusha kila siku, nijue yuko wapi.

*

Saa nne aliniita ofisini kwake.

"Bi Nyamizi, karibu ukae."

"Nimezoea kusimama."

Akafungua droo ya chini, akatoa karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki, haina hata kunyanzi. Kabla hajaigeuza nikaujua mwandiko. Mrisho alikuwa akiandika saba kwa kuikata katikati, tangu shule.

"Unajua hii ni nini?"

"Najua aliyeiandika."

"Isome."

Mimi niliishia darasa la saba, lakini Mrisho hakuwa mtu wa kuandika ili watu wamwone msomi. Aliandika hivi:

"Kiini cha Mtambo hakimwekei mgonjwa ukurasa mmoja wa kumbukumbu. Kinamwekea ukurasa kwa kila kichwa kinachopiga hesabu za pumzi, kwa sababu pumzi yake inayofuata inaweza kuangukia kichwa chochote, na vichwa vyote vikigombea ukurasa mmoja vitasubiriana, na mtu atakosa hewa. Hilo ni sawa. Kosa liko kwa mgawaji wa kumbukumbu. Siku Mtambo ulipowashwa, mgawaji aliambiwa vichwa ni tisini na sita, kwa kuwa vitundu vya kufungia vichwa ni tisini na sita. Vilivyofungwa ni ishirini na vinne. Vingine tuliambiwa vitakuja mji ukikua. Havikuja. Kwa hiyo kila mgonjwa anawekewa kurasa tisini na sita, na sabini na mbili kati ya hizo hazisomwi na kichwa chochote. Tunapowaambia watu nafasi imejaa, imejaa kurasa za vichwa visivyokuwepo. Naomba ruhusa nizirudishe, kitundu kimoja kimoja, bila kuzima. Leo tunahudumia watu mia tatu. Tutaweza kuhudumia elfu moja na mia mbili."

Chini yake kulikuwa na wino mwekundu: Kiini hakiguswi. Na sahihi ya Lugusha. Tarehe ilikuwa mwezi mmoja kabla Mrisho hajakohoa.

Nimepakua chakula misibani tangu nikiwa msichana. Nikaliona jambo lile kama lilivyo. Masinia tisini na sita yamejazwa pilau, watu wamekaa kwenye ishirini na manne tu, na sisi mlangoni tunawarudisha wenye njaa, tunawaambia chakula kimekwisha.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua kuwa inawezekana. Inawezekana ni kitu kingine, Bi Nyamizi. Kiini kikiguswa vibaya kinasimama. Kikisimama, watu mia tatu wanakata pumzi kabla hujafika mlangoni. Niue mia tatu kwa ajili ya kuwatafutia nafasi wanne?"

"Na leo?"

Akakohoa. Akajifuta, akaikunja leso ndani kwa ndani nisiione.

"Leo kinagusika, Injinia?"

"Nimepitia hesabu upya."

"Kifua chako ndicho kilichopitia."

Aliniita kwa sababu mlango wa chumba cha kiini hufunguka kwa viganja viwili, cha injinia na cha mpangusaji. Kila asubuhi tuliweka viganja vyetu pamoja pale, yeye akitazama huku na mimi kule. Sasa alitaka tufungue tena mchana, watu wakiwa wameenda kula, afanye kazi yake kimya, ajiandikishe wa kwanza, kisha awaite wengine.

"Utaifanya baada ya adhuhuri," nikamwambia, "foleni yote ikiwa nje ya kioo cha chumba hicho inatazama. Na utaingia kwa namba yako."

"Ya arobaini na moja? Nina siku ya tisa leo, mama. Nilijificha. Nikianguka kabla haijafika?"

"Mrisho alikuwa wa nne."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta kwenye uso wangu mahali pa kuombea. Hakupaona, akanyanyuka.

*

Chumba cha kiini ni kirefu kama ukumbi wa harusi na kina joto. Vitundu vimepangwa ukutani, safu nane, kila safu vitundu kumi na viwili. Vyenye vichwa vinaunguruma. Visivyo na vichwa vimefunikwa kwa bati, na namba imepakwa rangi juu ya bati. Kule ng'ambo ya kioo walikuwa wamejaa, wagonjwa na ndugu zao. Wengine walikuwa wamekaa chini wameegemea mabegi.

Lugusha akakaa kwenye kiti, akatandaza chati ya vitundu. Kwenye chati, kitundu cha kwanza hadi cha ishirini na nne vilikuwa na alama ya kijani. Vilivyobaki vyote vilikuwa vyeupe.

Akaandika ishirini na tano. Mtambo ukauliza kwenye kioo chake: Rudisha kurasa za kitundu 25? Akabonyeza Ndiyo.

Nilishika tasbihi. Tulisubiri. Ngurumo haikubadilika. Kwenye ubao wa juu, pale palipoandikwa Nafasi 0 kwa miaka yote niliyopangusa, pakaandikwa Nafasi 3.

Ng'ambo ya kioo mtu mmoja akapiga kelele, wengine wakamnyamazisha kama vile sauti yake ingeweza kuiondoa ile tatu.

Ishirini na sita. Ishirini na saba. Lugusha alianza kuwa na ile sauti yake ya kutufundisha. "Unaona, Bi Nyamizi, mgawaji hana macho. Anaamini orodha. Ukimwambia kitundu hakina mtu, anakunja kurasa zake anazirudisha ghalani."

"Na ukimwambia uongo?"

"Kichwa kikitafuta ukurasa kikakuta hakuna, kinaanguka. Kinaangusha na vingine." Akafuta jasho. "Ndiyo maana unamwambia ukweli."

Kitundu cha thelathini kilipomalizika ubao ulisema Nafasi 20. Zilitosha nusu ya foleni, hazikumtosha yeye. Akaandika thelathini na moja.

Rudisha kurasa za kitundu 31?

Kitundu cha thelathini na moja nakijua. Masika ya mwaka juzi kitundu cha tisa kiliungua, na fundi wa zamu, Malunde, akachomoa kichwa cha kitundu hicho, mimi nikiwa napangusa, akakihamishia kwenye kile cha thelathini na moja. Akarudisha na bati juu yake ili pasionekane pameguswa, maana ndiye aliyemwagia cha tisa chai. Hakuandika popote. Mwezi uliofuata alihama mji. Kwa macho huwezi kujua. Lakini mimi nalipangusa bati lile kila asubuhi, na mabati mengine ni ya baridi, lile lina joto kama paji la mtoto mwenye homa.

Kidole cha Lugusha kilikuwa juu ya Ndiyo.

Nitasema nilichokiwaza, maana kilikuwa kizima kichwani mwangu, hakikuhitaji kutafutwa. Angebonyeza mwenyewe. Kwa mkono wake, mbele ya mji mzima, angeua watu mia tatu, lile jambo lenyewe aliloniambia ndilo lililomzuia asimwokoe Mrisho. Jina lake lingekuwa tusi Itobela mpaka vitukuu. Na mimi ningekuwa nimefanya nini? Nimenyamaza. Hata yeye alinyamaza, karatasi ikiwa kwenye droo.

Nikaanza kuwataja moyoni wale wenye vifuko ninaowajua. Mwalimu Tungaraza wa madrasa. Mama Shija muuza maandazi, na mdogo wake. Yule kinyozi kiziwi. Nilifika wa tisa.

"Acha," nikasema.

"Nini tena?"

"Toa mkono hapo. Njoo."

Nikamshika kifundo cha mkono, mimi niliyekuwa sijamgusa hata kwa salamu, nikauweka mkono wake juu ya bati la thelathini na moja.

Kwanza hakuelewa. Kisha macho yakamtoka. Akalipapasa lile bati, akapapasa la thelathini, akarudi. Akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Nani alihamisha?"

"Malunde. Kutoka cha tisa."

"Miaka miwili! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliwahi kuniuliza nini, Injinia, zaidi ya kama sabuni imekwisha?"

"Ungeweza kuniacha."

"Nilikaribia."

Nikampa dakika moja avute pumzi, kisha nikamwambia anyanyuke, watu wanasubiri. Kutoka hapo nilimtangulia mimi. Nililishika kila bati kwanza, nikasema baridi, ndipo yeye akabonyeza. Cha tisa tukakirudisha, cha thelathini na moja tukakiacha. Tulipomaliza cha tisini na sita ubao ulisema Nafasi 900, na ng'ambo ya kioo watu walikuwa wanalia kwa sauti ya watu wasio na mapafu, kama mbuzi wengi wadogo.

*

Uandikishaji una kanuni yake. Kila mgonjwa lazima awe na mdhamini, mtu mzima anayeweka kiganja dirishani siku ya kwanza, kisha anarudi kukiweka kila baada ya siku saba. Asiporudi, Mtambo unahesabu kwamba mgonjwa amekufa, unakunja kurasa zake, anapewa mwingine. Mdhamini mmoja hadhamini wawili. Kanuni hiyo aliiandika Lugusha mwenyewe, na ni kanuni nzuri, maana zamani marehemu walikuwa wanashikilia nafasi mwezi mzima.

Nilisimama nyuma ya Kabula nikiita namba. Wa kwanza alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake. Wa sita alikuwa mzee Kasanda, amekuja na wake wawili.

"Weka wewe kiganja," mkubwa akamwambia mdogo. "Ndiwe uliyemhamishia kule kwenye upepo."

"Weka wewe. Mimi nikimkasirikia wiki moja tu, ameshakufa."

"Wekeni yeyote!" mzee akakoroma. "Mtagombana nikiwa napumua!"

Hata wagonjwa walicheka, wakakohoa, wakacheka tena. Kabula alifunga vifuko mpaka vidole vikamvimba. Ishirini. Thelathini. Lugusha alikuwa amekaa mwisho wa benchi, rangi ya majivu. Kila namba ilipoitwa alinyanyua kichwa kidogo kisha akakishusha. Alipofika wa thelathini na nane nilisikia kifua cha Lugusha kinapiga filimbi. Nilijua sauti ile. Nilikaa nayo kitandani.

"Arobaini na moja," nikaita.

Akaja akishika ukuta.

"Mdhamini wako, Injinia?" Kabula akauliza.

Akageuka nyuma. Mke wake alikwisha kufa. Binti yake yuko ng'ambo, hawasemezani. Akawatazama watu waliojaa ukumbini, na wote walikuwa wameshaweka viganja vyao kwa ajili ya watu wao. Waliobaki ni wapita njia waliokuja kushangaa ubao. Akamtaja mmoja kwa jina, mwanamume aliyewahi kufanya kazi chini yake. Yule mtu akatazama viatu vyake, akatoka nje.

"Kabula," Lugusha akasema. "Wewe je?"

"Mimi namdhamini mama, Injinia. Unajua."

Hapakuwa na mtu mwingine. Nikaelewa kwamba sihitaji kufanya kitu chochote. Sihitaji hata kusema uongo. Nafasi zilikuwa mia nane na zaidi, ubao unazionyesha, na mtu huyu angekufa kesho au keshokutwa kwa kanuni aliyoiandika kwa mkono wake, wakati mimi nikiwa naita namba kwa haki. Siku ya hukumu ningeulizwa nini?

Kiganja changu hakijawahi kutumika kumdhamini mtu. Mrisho hakufika mahali pa kuulizwa mdhamini.

Alikuwa ananitazama. Hakuniomba. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote, kwamba alikuwa ameshakubali, kama mtu anayekubali mvua. Angeenda nyumbani, angelala, angekufa akijiona amelipa, na mimi ningebaki na miaka yangu sita mkononi, sina pa kuipeleka.

Nikazunguka meza, nikaweka kiganja kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka.

Lugusha akaanza kulia. "Mungu akulipe, Bi Nyamizi. Umenisamehe. Mbele ya watu wote hawa, umenisamehe."

"Sijakusamehe."

Kabula aliacha kufunga mikanda ya kifuko.

"Endelea, Kabula, mfunge. Injinia, nisikilize vizuri. Leo Jumatano. Jumatano ijayo utakuja hapa, utapanga foleni na watu, na ikifika zamu yako utanitajia kwa sauti kazi aliyoomba mume wangu aifanye, na jibu ulilompa. Watu wasikie. Ukimaliza ndipo nitaweka kiganja. Na Jumatano itakayofuata hivyohivyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakaposikia vya kutosha."

"Na siku ukichoka kuja?"

"Nikichoka, sitakuja."

Akanitazama aone kama namtisha tu. Kifuko kikafungwa. Pumzi ya kwanza ya Mtambo ikamwingia, mabega yakapanda, na uso ule wa majivu ukapata rangi ya mtu. Alifungua mdomo aseme kitu, lakini kifuko kilikuwa kinamtoa pumzi wakati huo, akalazimika kusubiri.

Nilichukua ndoo yangu nikaenda kutawadha kwa alasiri. Nilipokuwa kwenye sijda nilimweleza Mungu ukweli, kwa kuwa hakuna faida ya kumficha. Nilimwambia kuwa wale arobaini niliwafungulia mlango kwa furaha, lakini huyu wa mwisho sikumwokoa, nimemkopesha siku saba. Nilimwambia kwamba sijui siku ya nane nitaamka nikiwa mtu gani. Kisha nikaomba anijaalie uhai mpaka Jumatano, na nikaogopa, kwa sababu nilisikia jinsi nilivyoomba kwa hamu.